Oili ya gia boksi ya otomatiki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Injini ukiiwekea oili isiyo sahihi, mara nyingi itavumilia na utapata muda wa kujirekebisha. Gia boksi ya otomatiki haina uvumilivu huo. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi kila mara mtu anaposimama mbele ya rafu iliyojaa makopo mekundu huku fundi akimsubiri kwenye simu.

ATF ni nini, na ina tofauti gani na oili ya injini?

ATF ni kifupi cha Automatic Transmission Fluid, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki, na ndizo herufi utakazoziona kwenye karibu kila kopo lake. Inalainisha gia na beringi, inabeba joto na kulipeleka kwenye kipozeo, na shinikizo lake ndilo linalosukuma vali na pistoni ndogo zinazoingiza na kutoa gia. Tena ndiyo inayopokea nguvu ya injini ndani ya toki konvata, lile duara kubwa la chuma lililo kati ya injini na gia boksi. Gari linapoondoka kwenye taa, kinachosukuma magurudumu kwa sekunde zile za mwanzo ni oili inayorushwa kutoka upande mmoja wa duara hilo kwenda upande wa pili.

Kazi ngumu zaidi ni ya klachi. Ndani ya gia boksi kuna sahani za klachi zinazoogelea kwenye oili hiyo hiyo. Oili inatakiwa iache meno ya gia yateleze bila kusagana, na papo hapo iruhusu sahani zile zishikane bila kuteleza. Oili ya injini haikutengenezwa kwa kazi hiyo, wala oili nzito ya difu.

Kwa nini basi isitengenezwe ATF moja ya magari yote?

Kwa sababu ya namna klachi inavyoshika. Sahani mbili zinazozunguka kwa kasi tofauti zina msuguano wa aina moja wakati bado zinateleza, na wa aina nyingine zinapokaribia kusimama pamoja. Kemikali zilizomo kwenye oili ndizo zinazoamua uhusiano wa misuguano hiyo miwili. Zikiwa nyingi, klachi inashika polepole na gia inaingia kwa ulaini, lakini zikizidi mno klachi inateleza na kuungua. Zikiwa chache, inashika kwa nguvu, gia inaingia kwa kishindo, na klachi ya kufunga toki konvata inaanza kutetemeka kama gari linapita juu ya matuta madogo.

Kila mtengenezaji alichagua ulaini wake, nyenzo zake za klachi na programu yake ya shinikizo, kisha akatafuta oili ya kuendana navyo. General Motors walitoa kiwango chao cha kwanza, Type A, mwaka 1949. Baadaye Ford wakaja na Type F, oili isiyo na kemikali za kulainisha ushikaji, kwa sababu gia boksi zao zilitaka klachi ishike kwa nguvu. GM wakaenda upande mwingine na Dexron laini. Kwa hiyo tangu zamani kulikuwa na makopo mawili yenye oili nyekundu zinazofanana kwa macho, huku moja ikifanya kinyume cha nyingine kwenye klachi.

(Jambo la kando: moja ya kemikali za kulainisha ushikaji miaka ile ilitoka kwenye mafuta ya nyangumi. Marekani ilipoanza kumlinda mnyama huyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakemia wa oili walilazimika kutafuta mbadala kwa haraka.)

Siku hizi kuna sababu ya pili, uzito, yaani ugumu wa oili kutiririka. Oili nyepesi inapunguza mzigo wa pampu na kuokoa mafuta ya gari, kwa hiyo watengenezaji wamekuwa wakishuka ngazi kwa ngazi. Dexron III ya zamani ilikuwa na uzito wa takribani sentistoki 7 kwa nyuzi joto 100. Dexron-VI, iliyotoka mwaka 2005, hairuhusiwi kuzidi 6.4. Gia boksi mpya za gia kumi zinatumia oili nyepesi kuliko hiyo, zinazotambulika kwa herufi ULV. Gia boksi iliyojengwa kwa oili nyepesi ina matundu na nafasi zilizopimwa kwa oili nyepesi. Ukiiwekea nzito, shinikizo na muda wa kubadilisha gia vinahama, na kompyuta inabaki kuhangaika kurekebisha.

Nitajuaje gari langu linataka ipi?

Anza na kitabu cha gari, ukurasa wa vipimo na ujazo. Kitabu kikiwa kwa lugha usiyoisoma usikate tamaa, maana majina ya oili huandikwa kwa herufi na namba zilezile: tafuta ATF WS, DW-1, SP-III, NS-3 na mfano wake. Pili, chomoa kijiti cha kupimia oili ya gia boksi, kama kipo. Magari mengi yameandikwa jina la oili kwenye kijiti chenyewe au kwenye kishikio chake. Tatu, angalia nati ya kujazia au kibandiko kwenye gia boksi. Toyota nyingi zisizo na kijiti zina onyo pale linalotaja oili ya WS.

Vyote vikikosekana, chukua namba ya chesisi na msimbo wa gia boksi, ambao mara nyingi umo kwenye kibati cha utambulisho kilichopo mlangoni au chini ya boneti, umpe muuza vipuri anayefungua katalogi ya mtengenezaji. Asiyefungua katalogi, akakwambia tu "magari haya yote yanatumia hii", mwache na oili yake.

Kuna mtego hapa. Magari mawili ya jina moja na mwaka mmoja yanaweza kuwa na gia boksi tofauti kabisa, kwa sababu moja lina injini ndogo na CVT (otomatiki isiyo na gia za kupanda moja baada ya nyingine) na lingine lina injini kubwa na otomatiki ya gia sita. Jina lililo kwenye buti halitoshi. Na kinyume chake pia kipo: gia boksi ya kampuni moja inaweza kufungwa kwenye magari ya kampuni nyingi. Aisin ya Japani imewauzia gia boksi Toyota, Volvo, Volkswagen na wengine, na kila mmoja akaipa oili ileile namba yake. Ndiyo maana kwenye makopo utakuta JWS 3309 imeandikwa pamoja na Toyota T-IV: ni kiwango kile kile kwa majina mawili. JWS 3324 ndiyo inayokaa na WS.

Nikumbushe majina, maana yananichanganya.

Hayakuchanganyi peke yako. Toyota walipita Dexron II, kisha familia ya Type T hadi T-IV, halafu WS kuanzia katikati ya miaka ya 2000. CVT zao zina TC na baadaye FE. Honda walikuwa na Z1, na nafasi yake ikachukuliwa na DW-1, ambayo inaweza kuwekwa palipotakiwa Z1. Kwa CVT wana HMMF ya zamani na HCF-2 ya sasa, na hizo mbili hazichanganywi.

Nissan wanatumia Matic D, J na S kwa otomatiki za kawaida, na NS-1, NS-2, NS-3 kwa CVT. Ukiona N na S zimefuatana na namba, hiyo ni CVT. Mitsubishi wana SP-II na SP-III, na SP-III hiyo ndiyo iliyotumika kwenye Hyundai na Kia nyingi kabla hawajahamia SP-IV. Mazda wana M-III, M-V na FZ. Chrysler, Dodge na Jeep nyingi zinadai ATF+4, na katika hizo sishauri kabisa kubahatisha. Ford wana Mercon V na Mercon LV, ambazo majina yake yamekaribiana lakini hazibadilishani.

Wajerumani wanapenda namba. Mercedes-Benz wana orodha yao inayoanza na 236: 236.10, 236.14, 236.15 na kuendelea, na tarakimu za mwisho ndizo zinazobeba tofauti. ZF, wanaotengeneza gia boksi za BMW nyingi na za wengine, wana Lifeguard 5, 6 na 8, na namba hizo zinafuata idadi ya gia.

Ikiwa nyekundu, si inatosha?

Haitoshi. Rangi ni dawa ya kutia rangi tu, iliyowekwa ili mtu aone oili chini ya gari na kujua inatoka kwenye gia boksi na si kwenye injini. Haisemi chochote kuhusu klachi. Kuna oili za CVT za kijani, kuna ya Mercedes ya bluu, na kuna nyekundu kumi zisizohusiana. Hata uchakavu haupimwi kwa rangi peke yake: ATF+4 hupoteza wekundu wake mapema ikiwa bado nzima.

Gari langu ni CVT. Naweza kuweka ATF ya kawaida kwa dharura?

Hapana, hata kwa dharura. Hapa ndipo nimeona hasara kubwa kuliko pengine popote kwenye gia boksi.

CVT ya mkanda haina gia za kupanda moja baada ya nyingine. Ina puli mbili zenye umbo la koni na mkanda wa chuma, au mnyororo, katikati. Puli zinabanana na kuachana ili uwiano ubadilike bila kukatika. Nguvu yote ya injini inapita pale chuma kinapogusana na chuma, kwenye utando mwembamba wa oili. Oili ya CVT imetengenezwa ili utando huo, ukibanwa sana, uzuie chuma kuteleza juu ya chuma. ATF ya kawaida haikuandaliwa kwa kazi hiyo. Mkanda ukiteleza mara chache tu, unachora michirizi kwenye uso wa puli, na mchirizi hauondoki kwa kubadilisha oili. Unasikia mvumo kama wa beringi iliyokufa, gari linapoteza nguvu, kisha mazungumzo yanahamia kwenye bei ya gia boksi nzima.

Kuweka oili ya CVT kwenye otomatiki ya kawaida nako ni kosa, kwa sababu klachi zitashika kwa namna ambayo haikupangwa.

Sasa mtego mwingine, na huu unawanasa hata mafundi wazuri. Toyota Prius na mahaibridi mengine ya Toyota huandikwa kuwa yana CVT ya kielektroniki. Ndani yake hakuna mkanda wala puli za koni. Kuna seti ya gia za sayari na mota mbili za umeme, na oili yake, kwa Prius ya kizazi cha pili na cha tatu, ni ATF WS. Anayeona neno CVT akamimina oili ya CVT amekosea kwa kufuata jina. Oili ya humo ndani inapita pia kwenye nyaya za mota, kwa hiyo isipitishe umeme ovyo.

Na gari lenye klachi mbili, kama DSG?

Uliza kwanza kama klachi zake ni za majimaji au kavu. DSG ya gia sita ya Volkswagen yenye klachi za majimaji ina oili yake maalumu, na ratiba inayojulikana ni kila kilomita 60,000 pamoja na filta. Ya gia saba yenye klachi kavu ni kitu kingine kabisa. ATF ya kawaida haihusiki na yoyote kati ya hizo.

Kuna kopo limeandikwa kuwa linafaa magari ya aina zote. Nilinunue?

Inategemea kopo na inategemea gari. Oili hizi si utapeli. Kampuni kubwa za vilainishi hutengeneza oili inayokaa katikati ya viwango kadhaa vilivyokaribiana, na kwa gari la zamani lenye otomatiki ya gia nne linaweza kufanya kazi vizuri kwa miaka. Ninachokataa ni kopo linaloorodhesha Type F, WS, ATF+4 na CVT kwa pamoja. Umesoma hapo juu kwamba baadhi ya viwango hivyo vinataka vitu vinavyopingana. Oili moja haiwezi kuwaridhisha wote.

Soma maandishi madogo ya nyuma kwa makini, maana kuna ngazi tatu za maneno pale. Ya juu ni kwamba oili imeidhinishwa au imepewa leseni: mwenye kiwango ameipima na kuikubali. Dexron-VI halisi, kwa mfano, ina namba ya leseni inayoanza na herufi J. Ya pili ni kwamba inatimiza matakwa ya kiwango fulani. Hapo aliyepima ni muuzaji mwenyewe, na unaamini jina lake. Ya tatu ni kwamba inapendekezwa au inafaa kutumika palipotakiwa kiwango fulani. Maneno haya ni ya tahadhari na yamechaguliwa na watu wanaojua kwa nini hawakuandika la kwanza.

Na hili ni muhimu kwa wenye magari ya zamani: GM waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006. Kopo lililoandikwa Dexron III leo halina anayelikagua kwa niaba ya GM. Linaweza kuwa zuri, linaweza kuwa ovyo, na kilichobaki kukulinda ni sifa ya aliyelitengeneza.

Kwa upande wangu, gari likiwa bado na gia boksi inayobadilisha vizuri, naweka ya mtengenezaji au iliyoidhinishwa naye. Kiasi unachookoa kwenye lita nne za oili hakilingani hata kidogo na kinachoweza kuharibika.

Naweza kuchanganya kampuni mbili za oili?

Kiwango kikiwa kile kile hasa, ndiyo. Kampuni mbili zenye Dexron-VI yenye leseni zinaweza kukutana kwenye gia boksi moja bila ugomvi. Viwango viwili tofauti usivichanganye kwa hoja kwamba "zote ni ATF".

Kitabu kinataka Dexron III. Niweke Dexron-VI? Na je, T-IV na WS?

Dexron-VI ilitengenezwa ichukue nafasi ya III na II kwenye gia boksi za GM, kwa hiyo kwenda juu kunaruhusiwa. Kurudi chini, yaani kuweka III palipotakiwa VI, hapana. Gari lisilo la GM lililotaka Dexron III linahitaji utazame mtengenezaji wake anasema nini leo, kwani si wote walioikubali VI nyepesi.

T-IV na WS ni hadithi nyingine. Watu hudhani WS ni T-IV iliyoboreshwa. Ni oili mbili zenye uzito tofauti, na Toyota hawazichukulii kama mbadala wa kila moja. Gari la T-IV libaki na T-IV.

Muuzaji wa gari alisema oili ya gia boksi ni ya maisha.

Maisha ya nani? Oili inachoka kwa joto, na kwenye gia boksi joto la kawaida la kazi ni kama nyuzi 80 hadi 95. Kuvuta trela, kupanda milima mirefu au kukaa kwenye foleni siku nzima kunalipandisha, na likizidi 120 oili inaanza kuungua na kuacha utando kama vanishi kwenye vali. Kanuni ya kukadiria wanayotumia watu wa vilainishi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 linapunguza umri wa oili kwa karibu nusu.

ZF, ambao gia boksi zao zimo kwenye magari mengi yanayouzwa kwa kauli hiyo ya oili ya maisha, wao wenyewe wanashauri oili ya gia boksi zao za gia nane ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ndani ya miaka minane. Kitabu chako kikitaja namba, ifuate. Kisipotaja chochote, kilomita 60,000 hadi 80,000 kwa otomatiki ya kawaida ni makadirio ninayoyatumia mimi, na kwa CVT nashuka chini ya hapo.

Nimesikia ukibadilisha oili kwenye gari lililokaa muda mrefu, gia boksi inakufa. Ni kweli?

Kuna punje ya ukweli iliyozungukwa na woga mwingi. Klachi zikichakaa, unga wake unaelea kwenye oili ya zamani. Watu wanasema unga huo ndio unaosaidia klachi kushika, na ukiuondoa gari linaanza kuteleza. Pia mashine za kusukuma oili kwa nguvu zinaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali nyembamba.

Lakini tazama ni magari gani yanayopelekwa kubadilishiwa oili baada ya kilomita 200,000 bila kuguswa. Mengi yanapelekwa kwa sababu tayari yanashtuka au yanachelewa kuingiza gia. Yaliyokuwa yanakufa yanakufa, na lawama inabebwa na oili mpya.

Uamuzi wangu ni huu. Gari likibadilisha gia vizuri, na oili ni nyeusi lakini haina harufu ya kuungua, badilisha kwa kumwaga na kujaza, bila mashine ya kusukuma. Fungua sampu, lile bakuli la oili chini ya gia boksi, uone sumaku zake: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma vinavyong'aa si vya kawaida. Gari likiwa tayari linateleza na oili inanuka kama chakula kilichoungua, oili mpya haitarudisha nyenzo ya klachi iliyokwisha. Hapo pesa yako iweke kwa ajili ya matengenezo.

Kitabu kinasema lita nane lakini fundi alimwaga tatu na nusu tu. Kaniibia?

Hajakuibia. Nyingi imebaki ndani ya toki konvata, kwenye mabomba na kwenye kipozeo, na haitoki kwa kufungua nati ya chini. Ndiyo maana kumwaga mara moja kunabadilisha takribani nusu au pungufu. Ukirudia baada ya kuendesha kidogo, nusu ya iliyobaki inatoka: mara ya kwanza una asilimia 50 ya oili mpya, mara ya pili 75, mara ya tatu karibu 88. Mafundi wa Honda wamezoea njia hii ya mara tatu kwa gari lililokaa muda mrefu. Nunua ukilijua hilo, na umwambie fundi apime alichomwaga ili arudishe kiasi kile kile.

Nipimeje kama imejaa sawasawa?

Oili ikipata joto inavimba, kwa hiyo kipimo bila halijoto hakina maana. Kwenye gari lenye kijiti, kwa kawaida endesha dakika kumi na tano hivi, simama mahali tambarare, pitisha lever kwenye nafasi zote taratibu, rudisha P, injini ikiwa inanguruma, kisha futa kijiti na upime kwenye alama ya moto. Kijiti kikiwa na alama ya baridi, hiyo ni ya kukadiria tu.

Honda ni tofauti: injini inapashwa moto, inazimwa, kisha unapima ndani ya sekunde 60 hadi 90. Ukipima Honda injini ikiwa inafanya kazi utaona pungufu, utaongeza, na utakuwa umejaza kupita kiasi. Kujaza kupita kiasi kuna madhara kama upungufu, maana gia zinaipiga oili hadi inakuwa povu, na povu halishiki shinikizo.

Gari lisilo na kijiti lina nati ya kufurikia. Injini inawashwa, halijoto ya oili inasomwa kwa mashine ya kupimia gari, na kwa Toyota nyingi ikifika kati ya nyuzi 35 na 45 hivi nati inafunguliwa hadi oili ianze kudondoka matone. Mercedes za gia tano zina bomba la kijiti lisilo na kijiti; fundi anakuja na chake na kupima kwenye nyuzi 80. Mtu akikwambia atapima hizi kwa jicho, mshukuru na uondoke.

Oili imekuwa kama maziwa yenye rangi ya waridi. Ni nini?

Maji ya rejeta yameingia. Kwenye magari mengi oili ya gia boksi inapoozwa ndani ya rejeta, na ukuta unaozitenganisha ukitoboka, vinachanganyika. Zima gari, usiliendeshe hata hadi gereji. Gundi ya sahani za klachi inaachia ikikutana na maji.

Naweza kuweka ATF kwenye usukani wa pawa?

Magari mengi yanatumia Dexron kwenye pampu ya usukani na yameandikwa hivyo kwenye kifuniko. Mengine yana oili yake, hasa Honda. Soma kifuniko.

Nimeshaweka isiyo sahihi. Nifanyeje?

Kama bado hujawasha injini, imemwagika kwenye sampu tu. Imwage yote, jaza sahihi, na umepona. Kama umeongeza robo lita ya ATF ya kiwango kinachokaribiana kwenye otomatiki ya kawaida, panga kubadilisha kwa utaratibu wa mara mbili au tatu ndani ya wiki chache, usilale macho.

Mimi niliwahi kulichukua gari langu kwa fundi aliyelijaza ATF ya kawaida palipotakiwa NS-2. Nililigundua kwa sababu lilianza kuvuma kabla sijamaliza kilomita mbili, na nikaomba kuona kopo. Kwa CVT jibu ni hilo: simama ulipo, litafutiwe gari la kulivuta. Imwagwe, ijazwe sahihi, iendeshwe dakika chache ikiwa imepandishwa jeki bila mzigo, imwagwe tena, na hivyo hivyo mara tatu. Filta ibadilishwe mwishoni badala ya mwanzoni, la sivyo utaichafua mpya. Kisha tunza makopo matupu kwenye buti hadi uwe umeendesha kilomita mia moja na gari limekaa sawa, kwa sababu fundi wa pili kitu cha kwanza atakachouliza ni kilichomiminwa humo.